Kukimbia ao Kubaki: Fazila za Busara na Nguvu katika Siku za Hatari

(Maneno yaliyosemwa na katekista mbele ya waparokia na wageni, siku ya yubilei ya parokia)






Halmashauri ya yubilei iliniomba niseme juu ya fazila za kikristu. Neno hilo ni pana kama ziwa lenyewe, na saa niliyopewa ni fupi. Ningeweza kuzipanga mbele yenu fazila zote saba, tatu za kimungu na nne za msingi, na kila moja kuipa maneno mawili matatu. Nanyi mngepiga makofi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Nimechagua njia nyingine. Nitasema juu ya fazila mbili tu, busara na nguvu, na kuzipima kwa ulizo moja ambalo limekaa kati yetu kama mwiba, hata katika sala za mashirika, ijapokuwa hatulitaji kwa sauti: hatari inapofika, mkristu afanye nini, akimbie ao abaki?

Ulizo hili si la vitabu. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na kuteremka upande wa bonde la Rusizi, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, wengine kwa kupita ndani ya maji ya mto. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule ikawa zamu ya Uvira. Wazazi wetu waliyaona hayo mwaka 1996, na wazee wao waliyaona mwaka 1964. Kila mara wengine walikimbia na wengine walibaki. Na kila mara, watu waliporudi, maneno yalianza. Aliyebaki anamwita aliyekimbia mwoga, mtu aliyelitupa Kanisa. Aliyekimbia anamtazama aliyebaki kwa jicho la shaka na kuuliza rohoni: huyu alikula na nani? Nimeyasikia maneno hayo mtoni, nimeyasikia sokoni, na nimeyasikia mlangoni mwa kanisa, watu wakiwa wametoka sasa hivi kuupokea Mwili wa Bwana. Hapo ndipo yaliponiumiza zaidi.

Tukifungua Injili kwa haraka, tutafikiri kwamba Bwana wetu mwenyewe ametuacha njia panda. Katika Injili ya Matayo, sura ya 10, anawaagiza mitume kwamba wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mji mwingine. Katika Injili ya Yoane, vilevile sura ya 10, anamlaumu mchungaji wa mshahara anayemwona mbwa mwitu akija na kuwaacha kondoo. Yeye mwenyewe alipokuwa mtoto alibebwa usiku hata Misri. Alipokuwa mtu mzima alipanda kwenda Yeruzalemu akijua kinachomngojea huko. Mtakatifu Paulo aliteremshwa ukutani Damasko ndani ya kikapu, na miaka mingi baadaye machozi ya wakristu hayakumzuia kupanda Yeruzalemu. Mwenye kutafuta sheria moja, nyepesi kushika kichwani, hataipata. Ndiyo sababu Kanisa, lilipofundisha juu ya jambo hili, halikutoa amri peke yake. Lilifundisha juu ya fazila.

Fazila ni nini? Ni mazoea mema yaliyotia mizizi ndani ya mtu hata akatenda mema kwa wepesi, bila kusukumwa. Aristote, Mgriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 mbele ya kuzaliwa kwa Bwana wetu, alifundisha kwamba mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda mambo ya haki, na anakuwa shujaa kwa kutenda mambo ya kishujaa, sawa na fundi anavyojifunza kujenga kwa kujenga. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliyachukua mawazo hayo na kuyabatiza, tuseme hivyo. Aliongeza kwamba juu ya fazila tunazojipatia kwa mazoezi, Mungu anamimina nyingine rohoni mwetu kwa neema yake. Katika seminari ndogo tulikariri majina manne ya Kilatini, prudentia, justitia, fortitudo, temperantia, kama tulivyokariri majina ya mito ya Kongo, na yalikaa kichwani kama mito ile ambayo hatukuwahi kuivuka. Watoto wa wavuvi wa Kalundu walijua zaidi. Hakuna aliyejifunza kupiga kasia ubaoni. Mtoto anawekwa ndani ya mtumbwi, analowa, anakosea, anakaripiwa na baba yake, na siku moja upepo unakuja usiku na mikono yake inajua la kufanya mbele ya kichwa chake kufikiri. Fazila ni kitu cha namna hiyo.

Juu ya fazila ya nguvu, Mtakatifu Tomaso ana mafundisho mawili ambayo ningependa tuyashike leo. La kwanza ni hili: kazi kubwa ya nguvu si kushambulia. Ni kuvumilia, ni kusimama katika jema bila kuliacha wakati ubaya unapokulemea. Katika nchi ambayo kijana wa miaka 15 ameona bunduki nyingi kuliko vitabu, neno hilo lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila shule. Tumezoea kumwita mwenye nguvu yule anayetisha. Mwalimu huyu wa Kanisa anasema ni yule asiyeweza kuondolewa katika wema wake.

La pili: fazila hiyo ina maadui wa pande mbili. Upande mmoja kuna woga unaomfanya mtu aache wajibu wake. Upande mwingine kuna zambi ambayo hatuihubiri mara nyingi, ya kutoogopa kinachostahili kuogopwa, na ya kujitupa hatarini bila sababu. Mtu asiyeogopa kitu hata kimoja, kadiri ya Mtakatifu Tomaso, hastahili kuitwa shujaa. Pengine hapendi uzima aliopewa na Mungu inavyopasa, ao ana majivuno, ao akili yake ni nzito. Mimi naona kwamba vijana wetu wengi waliozikwa kando ya barabara ya bonde wangehitaji kusikia fundisho hilo mapema.

Na ni nani anayeonyesha mpaka kati ya pande hizo mbili? Ni busara. Hapa inafaa tusafishe neno lenyewe. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, tunamwita mwenye busara mtu anayejua kujiponyesha, anayenyamaza wakati wa kusema na kulipa matabishi wakati wa kukataa. Huo ni ujanja. Busara ya kikristu inatazama jambo lilivyo kweli: ni nani aliye mbele yangu, anahitaji nini, ni nani mwingine awezaye kumsaidia, nami nina wajibu gani kwake. Kisha inaamuru tendo. Watu wawili waweza kutenda matendo yanayopingana, mmoja akaondoka na mwenzake akabaki, na wote wawili wakawa wametii busara moja.

Msifikiri kwamba nabuni. Jambo hili lilionekana katika Afrika, katika karne za kwanza za Kanisa. Mtakatifu Sipriano alikuwa askofu wa Kartago, katika nchi inayoitwa leo Tunisia. Mwaka 250, mfalme Decius wa Roma alipowalazimisha watu wote kutoa sadaka kwa miungu, Sipriano aliondoka mjini akajificha, na kutoka mafichoni akaliongoza Kanisa lake kwa barua. Wengi walimsema vibaya, hata mapadri. Yeye alijibu kwamba kuwapo kwake mjini kungeongeza ghasia na kuwatia wakristu wake katika hatari kubwa zaidi. Miaka 8 ikapita, mateso mengine yakaja. Safari hii rafiki zake walimpa pahali pa kujificha, naye akakataa. Aliposikia kwamba wanataka kumpeleka Utica auawe huko, alijiweka kando kwa muda kusudi afe katika mji wake mwenyewe, mbele ya watu aliowabatiza. Alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Mtu ni yule yule, imani ni ile ile, aliyekimbia na aliyebaki. Katika mwaka wa kwanza watu walihitaji kiongozi aliye hai. Katika mwaka wa mwisho walihitaji kumwona baba yao akishuhudia.

Karibu miaka 170 baadaye Wavandali walivuka bahari wakaingia Afrika ya kaskazini. Askofu mmoja, jina lake Honoratus, alimwandikia Mtakatifu Augustino ulizo lile lile letu. Barua aliyojibiwa ingefaa kusomwa katika kila parokia ya mwambao huu. Augustino anatenganisha mambo kwa uangalifu. Anayetafutwa yeye binafsi anaweza kukimbia, ikiwa wako wengine watakaobaki kuwahudumia waamini. Watu wote wakiweza kuhama, wahudumu wahame pamoja nao. Lakini hatari ikiwa ya wote, na watu wakawa hawawezi kuondoka, basi wahudumu wa Kanisa wasiwaache watoto bila ubatizo na wanaokufa bila faraja. Tena anafikiri juu ya jambo la ajabu kidogo: itakuwaje ikiwa mapadri wanabishana, kila mmoja akitaka kubaki kusudi mwenzake aokoke? Anajibu: wapige kura. Mimi napenda sana jibu hilo. Mtu aliyeandika vitabu vya juu kabisa juu ya Utatu Mtakatifu hakuona aibu kusema kwamba mwisho wa kufikiri kote, katika siku mbaya, watu wakae chini na kupiga kura. Yeye mwenyewe alibaki Hippo, akafa kwa ugonjwa tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji.

Turudi sasa kwenye mwambao wetu. Mwezi wa Mei 1964 waasi waliingia Uvira. Askofu Danilo Catarzi, askofu wa kwanza wa jimbo letu, alishikwa pamoja na wamisionari wengine hata mwezi wa Oktoba. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, na hasira dhidi ya Wazungu ikazidi katika sehemu zilizokuwa bado mikononi mwa waasi. Siku nne baadaye, tarehe 28, ilikuwa siku ya posho, na kesho yake Dominika ya kwanza ya Adiventi. Kule Baraka, Padri Luigi Carrara, Mwitaliano wa miaka 31, alikuwa kanisani akiwaungamisha watu. Ndugu mtawa Vittorio Faccin, wa miaka 30, alikuwa nyumbani kwa mapadri. Wote wawili walikuwa Wasaveriani, wana wa shirika la wamisionari lililofika kwetu mwaka 1958. Gari la waasi lilifika mchana, na Faccin akapigwa risasi. Padri Carrara alitoka kanisani, akaamriwa kupanda gari. Alikataa; kama ni kufa, alitaka kufa pamoja na ndugu yake. Alipiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akauawa hapo hapo. Jioni ile ile, kule Fizi, Padri Giovanni Didonè wa miaka 34 na Abbé Albert Joubert walipigwa risasi nao.

Juu ya Abbé Joubert niseme kidogo zaidi, kwa maana vijana wanafikiri kwamba mashahidi wetu wote walitoka ng'ambo. Alizaliwa mwaka 1908 huko Saint-Louis de Mrumbi, upande wa Moba, kwenye ziwa hili hili. Baba yake alikuwa Kapitani Ludovic Joubert, Mfaransa aliyepigana na wafanyabiashara ya watumwa. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa mwanamke wa Kiafrika wa sehemu zile. Padri huyu alikuwa mtu wa ziwa, damu ya pande mbili, na alipouawa alikuwa na miaka 56.

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri, kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko. Wengi wenu mlikuwapo. Tangu siku hiyo nimesikia mahubiri mengi juu ya kufa kwao. Ningependa nisikie zaidi juu ya mchana wa Baraka mbele ya gari kufika. Padri Carrara hakuwa akifanya jambo la ajabu. Aliungamisha watu siku ya posho, kama padri yeyote. Kifo kilimkuta kazini. Na neno lake la mwisho, la kutokubali kutengana na ndugu yake, mtu halipati siku hiyo hiyo. Linatengenezwa mezani, katika kula pamoja, katika kuvumiliana kwa watu wanaoishi nyumba moja, katika mambo madogo ambayo hakuna anayeyaandika. Mikono yake ilijua la kufanya, kama ya mvuvi wetu usiku wa upepo.

Hali ni ile ile kwa Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma. Yeye alikuwa kijana mlei, mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Walitaka kumpa fedha aachilie mchele ulioharibika upite. Alikataa, akauawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Ninyi mnaofanya kazi Kavimvira na bandarini Kalundu mnajua kwamba magunia hayafiki mara moja katika maisha. Yanafika kila siku, na kila siku mkono unajifunza kukataa ao kupokea. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi walimu wa katekisimu tunaipenda sana mezali hiyo kwa ajili ya watoto. Lakini Wakristu wengi wa karne za kwanza walibatizwa wakiwa watu wazima. Mtu aliyekauka naye anaweza kulowekwa.

Basi turudie maneno yanayosemwa mlangoni mwa kanisa. Mama mwenye watoto wanne, mmoja mgongoni, aliyevuka Rusizi, alitenda kwa busara. Kama angebaki kwa kuogopa kusemwa, angekuwa ametii woga wa namna nyingine. Kijana aliyejua kwamba anatafutwa kwa jina lake, Mtakatifu Augustino angemwambia aende. Muuguzi aliyebaki kwa sababu wagonjwa hawakuwa na miguu, huyo alifanya kazi ya nguvu, hata kama mikono yake ilitetemeka usiku kucha. Kuna yule aliyekuwa na wajibu juu ya wengine, na wengine hao hawakuweza kuondoka, naye aliondoka bila kumwachia mtu yeyote kazi hiyo. Kuna pia yule aliyebaki kusudi anunue mabati na taa za uvuvi za wanaokimbia kwa bei ya kutupa. Alibaki, ni kweli. Lakini Mtakatifu Ambrosio alikwisha kufundisha kwamba nguvu isiyokuwa na haki inakuwa njia ya uovu. Na mzee aliyebaki kwa sababu hakuna aliyembeba, huyo tusimpe sifa wala lawama. Ulizo juu yake ni letu sisi.

Mnaona kwamba nimewataja watu sita, na neno "alikimbia" ao "alibaki" peke yake halikutosha kumhukumu hata mmoja. Kwa wale ambao zamiri yao inawashitaki, Mtakatifu Sipriano alipita hapo mbele yetu. Mateso yalipopoa, wakristu wengi wa Kartago walioshindwa na woga walirudi kuomba mlango. Wakali walitaka ufungwe kabisa, wapole walitaka ufunguliwe bila neno. Yeye alichagua kitubio: njia ndefu, lakini yenye mwisho. Padri anakaa katika kiti cha kuungamishia kila siku ya posho, kama ilivyokuwa Baraka.

Naishia kwa jambo la kazi. Augustino aliandika kura zipigwe wakati adui amekwisha karibia. Sisi tuna neema ya kufikiri mbele ya siku hiyo. Kwa ruhusa ya paroko, walimu wameandaa daftari moja kwa kila shirika. Ndani yake yataandikwa majina ya wazee, ya wagonjwa, ya vilema na ya mama walio karibu kuzaa, na kando ya kila jina, jina la mtu wa shirika hilo anayekubali kwa hiari yake kumsindikiza ikiwa watu wanahama, ao kukaa naye ikiwa hawezi kuhamishwa. Baba wa jamaa mwenye watoto wadogo asijiandike kwa kazi ya kubaki. Ukurasa wa mwisho ni wa vitabu vya ubatizo na vya ndoa: nani atavibeba, na nani atabeba ufunguo wa kanisa. Sakramenti Takatifu ni juu ya mapadri, na wasipokuwapo, juu ya yule waliyempa ruhusa. Mahali ambapo wawili watagombania jina moja, mwenyekiti apige kura.

Madaftari yako mezani kwa mwandishi wa parokia, karibu na mlango wa sakristia. Mashirika ya upande wa ziwa yataanza leo baada ya chakula, mashirika ya upande wa mlima Dominika ijayo.